Sahani Njema ni za Wenye Nyumba

Juma hili twapenda kusema juu ya sahani. Asicheke mtu, wala asigeuze ukurasa akidhani kwamba hili ni jambo dogo la jikoni lisilostahili gazeti la watu wanaojenga nchi. Ukitaka kujua jinsi watu wa nyumba wanavyohesabiana, usiwaulize kwa maneno, maana kila mtu atakuambia kwamba kwake wote ni sawa. Ngoja chakula kipakuliwe, kisha utazame nani amepewa sahani gani.

Tembea kutoka Mwananyamala na Tandale hata Temeke, Tandika na Mbagala. Ingia katika nyumba za watu wa kipato cha kawaida, na katika nyingi utakuta sebuleni kabati lenye milango ya kioo. Ndani yake mna sahani nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, vikombe na visosi vyake, mabakuli yenye vifuniko, bilauri zilizopangwa kwa kimo kama askari wa gwaride, na hotipoti ambazo bado zina karatasi ya dukani. Kabati limefungwa, na ufunguo umo katika mkoba wa mama. Wenye nyumba hawali katika vyombo hivyo. Wao hula katika sahani za plastiki zilizokwaruzika, na za bati zilizobanduka rangi, na hunywea vikombe vilivyokatika mikono. Mtoto akinyosha mkono kabatini huambiwa kwa ukali, "Weka hiyo! Hizo ni za wageni."

Sasa na tuulizane bila ya kuoneana haya. Mgeni huyo ni nani, na huja lini? Huja siku ya Idi au ya Krismasi. Huja siku ya posa, na siku mkwe anapopita kusalimu. Hizo ni siku za kuhesabika kwa vidole. Siku nyingine zote za mwaka, baba anayerudi kazini amechoka, mama aliyeamka alfajiri kuwasha moto, na watoto ambao kwa ajili yao twasema twahangaika, hao wote wala katika vyombo ambavyo tungeona aibu kumpa mpita njia. Mgeni asiyejulikana atakuja lini amewekewa kaure. Mwenye nyumba anayejulikana kila siku amepewa kibovu.

Neno letu leo ni moja. Sahani njema ni za wenye nyumba kwanza, na katika nyumba moja pasiwe na sahani za heshima na sahani za dharau.

DESTURI HII YATOKA WAPI?

Wako watakaosema kwamba kuweka vyombo kwa ajili ya kutazamwa ni mila yetu ya asili, nao hawasemi uongo. Nendeni Kunduchi, ambayo imo katika Kinondoni hii hii. Pale pana magofu ya msikiti wa zamani na makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo zilizopachikwa sahani na bakuli za Kichina. Nendeni Kaole, karibu na Bagamoyo, mtaona makaburi ya namna hiyo. Katika nyumba za mawe za Lamu kuta zilijengwa na zidaka, na ndani ya zidaka zikapangwa kaure zilizovuka bahari. Vipande vya kaure ni vingi mno katika ardhi ya pwani yetu, hata bingwa wa mambo ya kale wa Uingereza, Mortimer Wheeler, alipofika Tanganyika mwaka 1955 alisema kwamba historia yetu iliyofukiwa tangu karne ya 10 imeandikwa kwa kaure ya Kichina. Basi kupenda sahani nzuri hatukufundishwa na mtu jana.

Lakini tutazame upande wa pili. Wazee hao walipamba ukuta kwa kaure, je, watu walikula vipi? Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alipita pwani hii mwaka 1331 hata akafika Kilwa. Kabla ya hapo, huko Mogadishu, aliandikiwa chakula kama mgeni, naye ameeleza alichokiona: wali uliopikwa kwa samli, umewekwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu yake vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, pamoja na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na malimau na pilipili za achari. Chombo hicho cha mti ni ndugu wa chano chetu, na chano ndicho baba wa sinia. Mgeni na mwenyeji walitia mikono katika chombo kimoja. Heshima ya mgeni ilikuwa katika wingi wa kitoweo na katika kukaa naye, wala haikuwa katika kumtenga na sahani yake.

Hatusemi kwamba zama hizo watu wote walikuwa sawa. Palikuwa na waungwana na palikuwa na watumwa, na hilo si jambo la kujisifia. Twasema tu kwamba mila ya kula pamoja ilikuwako, nayo ni njema kuliko mila ya kufungia kabati.

Kisha ukaja utawala wa kigeni. Mji wa Dar es Salaam ukagawanywa kukawa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kule Oyster Bay kaure ya Kiingereza iliwekwa mezani, na mtu mzima mwenye watoto wake, aliyeitwa "boi," aliiosha, akaifuta, akaipanga. Yeye mwenyewe alikuwa na kikombe chake cha bati nyuma ya nyumba, na hakikuchanganywa na vikombe vya bwana. Bwana alikuwa na vyombo vyake, mtumishi alikuwa na vyake, na kila mmoja alijifunza nafasi yake kwa kutazama mkono wake umeshika nini.

Bendera ilibadilishwa tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likaanza na imani kwamba binadamu wote ni sawa, na vijana wengi wa shule waliikariri imani hiyo kwa moyo. Lakini kikombe cha bati hakikuondoka. Kilihama tu kutoka Oyster Bay kikaja kwetu. Tulichukua kabati la bwana, tukachukua na ufunguo wake, kisha tukajifungia nje sisi wenyewe na watoto wetu.

HESABU YA AFYA

Tukiacha heshima, tuje kwenye afya, maana hapo hasara yaonekana kwa macho.

Sahani ya plastiki ikikwaruzika huwa na mifereji midogo ambayo mafuta na mabaki ya chakula hujificha ndani yake, na sabuni haifiki vizuri. Kikombe chenye ufa hufanya vivyo hivyo. Sahani ya bati ikibanduka, chuma hubaki wazi na kutu huanza, na vipande vya ile rangi ngumu huweza kuingia katika chakula. Vyombo vya melamini, vile vyepesi vyenye maua vinavyofanana na kaure, si vibaya kwa wali uliopoa kidogo, lakini havipendi moto mkali. Wataalamu washauri visitiwe vitu vya moto kupita nyuzi 70, wala visiwekwe katika tanuri la umeme la kupashia chakula, kwa sababu joto hilo hutoa ndani yake dawa zilizotumika kuviunda. Basi chai iliyotoka kuchemka na uji wa mtoto visitiwe humo.

Kaure nayo ina jambo lake. Sahani za zamani zilizopakwa rangi kali upande wa ndani, pale chakula kinapokaa, huenda rangi yake ina madini ya risasi, nayo ni sumu hasa kwa watoto. Ndimu, ukwaju na siki huyatoa madini hayo upesi. Sahani ya namna hiyo iacheni ukutani kama wazee wa Kunduchi.

Na hata chombo kizuri kikioshwa vibaya ni adui. Watu wa Kinondoni hawana haja ya kukumbushwa mwezi Agosti 2015, ambapo kipindupindu kilianzia katika manispaa yao kikaenea katika mikoa mingi ya nchi. Ugonjwa ule husafiri kwa maji na kwa mikono, nao hautazami kama sahani ina ukingo wa dhahabu. Katika nyumba zetu za Kiswahili, zenye vyumba sita, ukumbi katikati na uwani mmoja wa wapangaji wote, vyombo vya familia nne au tano huoshwa mahali pamoja, na mara nyingi karibu na choo. Basi tuwe na beseni mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, na maji ya kusuuzia yabadilishwe yanapochafuka. Kisha vyombo vipandishwe juu ya kichanja vikaushwe na jua. Kichanja ni miti michache na misumari, nacho chashinda kitambaa kimoja kinachofuta sahani, meza na mikono ya watoto.

JINSI YA KUCHAGUA

Pengine msomaji atasema, "Sawa, nimekubali, lakini fedha ziko wapi?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ni kwamba nyumba nyingi zimekwisha kutoa fedha nyingi kuliko zinavyohitaji, isipokuwa zimenunua vibaya.

Kwanza, tuhesabu watu kabla ya kuhesabu sahani. Nyumba ya watu saba yahitaji sahani saba nzuri, na tatu za akiba kwa mgeni na kwa zitakazovunjika. Seti ya vyombo sabini iliyonunuliwa kwa deni, nayo haijapata kutiwa maji, ni fedha iliyokufa.

Pili, tununue sahani nyeupe isiyo na mapambo mengi, zile zinazouzwa moja moja katika maduka na vibanda vya Kariakoo. Sahani yenye maua ya pekee ikivunjika huwezi kupata ya kufanana nayo, seti huharibika, na moyo huuma. Nyeupe ikivunjika wanunua nyingine juma lijalo, wala hakuna atakayejua. Hii ndiyo dawa ya woga wa kuvunja. Watu hawafungii kabati kwa uchoyo. Wafungia kwa kuogopa kuvunja seti. Ondoa seti, utakuwa umeondoa woga.

Tatu, tuangalie chakula chetu. Sisi twala wali na mchuzi, maharage, mchicha wa nazi, na ugali kwa samaki. Sahani pana iliyolala, iliyotengenezwa kwa watu wanaokata nyama kwa kisu, haitufai sana, maana mchuzi hukimbia ukingoni. Chagua sahani yenye tumbo kidogo na ukingo uliosimama. Kwa ugali, sahani ya kawaida na bakuli la mchuzi vyatosha. Chagua bakuli lenye kitako kipana, lisipinduke mtoto anapochovya tonge.

Nne, tujaribu kabla ya kulipa. Iweke sahani juu ya meza ya muuzaji uone kama yacheza. Igonge kidogo kwa ukucha: iliyo nzima hulia kama kengele, yenye ufa hutoa sauti nzito iliyokufa. Pitisha kidole chini yake. Kitako kikiwa na makali, kitakwaruza sahani itakayokaa chini yake. Hata sahani za mtumba zaweza kuwa nzuri na nzito, lakini zipimwe hivyo hivyo, na zenye rangi kali ndani ziachwe.

Tano, watoto wadogo wana chombo chao cha haki, nacho ni stili. Sahani na kikombe cha stili havivunjiki, havibanduki, huoshwa vikatakata, na hudumu miaka. Mtoto wa miaka mitatu akipewa stili hakudharauliwa, bali amepewa kinachomfaa. Akifika umri wa kwenda shule apewe kaure kama wenzake, afundishwe kuishika na kuiosha. Atavunja moja au mbili. Hiyo ndiyo ada ya masomo yake, nayo si kubwa.

Na hapa tuseme neno la uchumi. Katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, mlangoni mwa mji huu, mna udongo mweupe ambao tangu zamani hutajwa kwa wingi wake, nao ndio udongo wa kutengenezea kaure. Wanawake wa Wakisi, kando ya Ziwa Nyasa, wafinyanga vyungu vinavyosifiwa nchi nzima, na wanawake wa Pemba na wa Upare nao wana ufundi wao. Udongo tunao na mikono tunayo, lakini sahani zilizojaa Kariakoo zatoka China, kama zile za makaburi ya Kunduchi. Wakubwa wa viwanda walitafakari jambo hilo. Sisi wengine, tukipata chungu au bakuli la mfinyanzi wetu lililo imara, tulinunue tulitumie. Maharage ya chungu hayana mfano.

SIKU ZA KARAMU

Sasa tuje kwenye siku kubwa, ambazo ndizo watu huzitaja wanapotetea kabati.

Sisi twapenda karamu, wala hatumkatazi mtu. Lakini tutazame harusi za kumbi zetu siku hizi. Mbele pana meza kuu yenye kitambaa cheupe, kaure, bilauri za miguu na uma zilizopangwa. Nyuma kidogo pana wageni wa kadi, nao wana sahani za kukodi. Nyuma kabisa, karibu na mlango, wapo jirani waliochota maji, waliokesha wakimenya vitunguu na kukuna nazi, nao wamepewa pilau katika vile vibweta vyeupe vya povu, wale kwa mkono wamesimama. Asubuhi vibweta vyote vimo katika mitaro, na mvua ikinyesha vyaelekea Mto Msimbazi kuziba njia ya maji. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, tukapiga makofi. Vibweta vya povu vingali vikiandamana na harusi zetu.

Je, ni lazima iwe hivi? Tunayo sinia. Katika maulidi, katika hitima na katika harusi za uwani, sinia moja la pilau huwekwa juu ya mkeka, na watu wanne, watano au sita hulizunguka. Kijana hupita na birika na karai, akimimina maji mikononi kuanzia kwa mzee. Kila mtu hula upande wake ulio mbele yake, na mkubwa wa sinia huigawa nyama ili asiwepo aliyepata mbili na mwingine hana. Hapo fundi cherehani na karani wa benki, mwenye gari na mwenye kushuka daladala, wamekaa goti kwa goti. Hakuna meza kuu katika sinia. Sinia kumi zilizoazimwa kwa jirani zalisha watu hamsini, hazina gharama ya kukodi, wala haziachi taka mtaroni. Sharti lake ni mikono safi, na mwenye kikohozi au maradhi apewe sahani yake bila ya kunong'onezwa.

Kwa wanaopenda kula mezani, nao ni wengi, neno ni lile lile: sahani ziwe namna moja tangu meza ya kwanza hata ya mwisho. Zikiwa za bei ndogo, ziwe za bei ndogo kwa wote. Bwana harusi hatapungua urefu kwa kula katika sahani iliyo sawa na ya mpishi wake.

Kuna na zile sherehe za kumfunda bibi harusi ambazo siku hizi zaitwa kichen pati. Asili yake ni njema: mashangazi, wifi na majirani wakusanyike wampe binti vyombo vya kuanzia maisha. Lakini pamekuwa na mashindano. Kamati yaundwa, sare yashonwa, ukumbi walipiwa, watu wakopa, na binti apelekwa kwa mumewe na seti tatu za vyombo katika chumba kimoja cha kupanga, hata mahali pa kuzitua hapana. Seti hizo zalala chini ya kitanda ndani ya maboksi. Akina mama wa upatu wa vyombo ni wenye busara zaidi: huchanga kila juma, na kwa zamu kila mmoja hununuliwa chombo alichokitaja mwenyewe. Huyu ataka sufuria, yule sahani sita, mwingine chujio na jagi. Kamati za harusi ziige mfano huo. Amwulizeni binti ana haja ya nini.

Na tusisahau kuazimana. Zamani mtu wa Magomeni au Temeke akifiwa au akioza, vyombo vya mtaa mzima vilikuja vyenyewe, kila sahani ina alama ya rangi au uzi chini yake ili irudi kwao. Vyombo hivyo havikuwa vya aina moja, lakini hakuna aliyehesabiwa kwa sahani yake, kwa sababu kila moja ilikuwa ya jirani. Ni afadhali sinia lililokwenda kwenye nyumba kumi kuliko seti ambayo haikutoka kabatini.

KIKOMBE CHA DADA WA KAZI

Tumebakiza neno zito, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Katika nyumba nyingi za mji huu yumo binti aliyetoka Iringa, Singida, Dodoma au kwingineko kuja kufanya kazi. Yeye ndiye aamkaye wa kwanza na kulala wa mwisho. Yeye ndiye apikaye, amlishaye mtoto wetu kwa mkono wake, aoshaye zile kaure siku ya wageni. Kisha chakula kikipakuliwa yeye hupewa sahani yake peke yake, ile iliyopasuka, na kikombe chake cha plastiki kilichowekwa alama, naye hula jikoni baada ya wote, akipata ukoko na mchuzi uliobaki.

Ukimuuliza mwenye nyumba, atakujibu kwamba ni kwa sababu ya usafi. Usafi gani huo? Mkono uliokanda unga wa chapati zako si mchafu, ila mdomo wake ndio utakaochafua kikombe chako? Tuseme kweli: hiyo si sababu ya usafi. Ni kile kikombe cha bati cha Oyster Bay. Babu zetu walikiona, wakanung'unika, na wengine kwa ajili ya uchungu wa mambo ya namna hiyo wakatoka kwenda kusikiliza mikutano ya kudai nchi. Leo mjukuu amekiokota, amekipa rangi mpya, na amemshikisha binti wa mwenzake.

Mwaka 2011 mataifa yalikutana katika Shirika la Kazi Duniani yakapitisha mkataba juu ya kazi zenye staha kwa wafanyakazi wa nyumbani. Mikataba ni kitu chema, na mshahara wa haki kwa wakati wake ni haki ya kwanza isiyolipwa kwa sahani. Lakini hakuna askari atakayeingia jikoni kuhesabu vikombe. Jambo hili ni letu, na laweza kumalizika leo usiku bila ya senti moja: kikombe chenye alama kitupwe, na binti apewe sahani kama zetu, akae nasi, apakuliwe pamoja nasi.

Na mtoto anatazama. Mtoto asiyejua kusoma asoma sahani. Akiona dada hula katika kibovu, atajua kwamba kuna watu wa kibovu. Akiona yeye mwenyewe apewa kibovu ili kizuri kimngoje mtu mwingine, atakua akiamini kwamba vitu vizuri vya nchi hii vina wenyewe, nao si yeye. Kisha tutamshangaa akiwa mkubwa ameinama mbele ya kila mwenye tai.

KAULI YETU

Wako watakaotujibu kwamba wazee walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Ndiyo, na maana yake ni kwamba heri ya mgeni iwafikie na wenyeji. Kama mgeni akija mwenyeji ahamishiwa sahani ya plastiki ili kaure zitoshe, basi mwenyeji hakupona. Wengine watasema vyombo vikitumika kila siku vitakwisha. Ni kweli vitakwisha. Hata nguo huisha, na hata sisi twaisha. Sahani iliyovunjika ikiwa imelisha watoto miaka mitano imefanya kazi yake. Sahani nzima ambayo haijapata kulisha mtu haijafanya lolote.

Nao wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Kabati la kioo ni mlango wa namna hiyo.

Kwa hiyo, akina mama na akina baba wa Kinondoni na Temeke, jioni hii toeni ufunguo mkobani. Sahani zilizo kabatini zitoeni, zisuuzeni vumbi, muzihesabu. Zenye ufa na zilizobanduka zitupwe. Nzuri zigawiwe kwa kila mtu alalaye chini ya paa hilo, mkubwa na mdogo, wa damu na wa kazi. Mgeni akibisha hodi wakati wa chakula, akaribishwe akae, aletewe sahani iliyo sawa na zetu. Huyo hatatengwa tena na wenye nyumba, na heshima kubwa kuliko hiyo hatuijui.